Chaki Chini ya Kisigino

Mguu wa kushoto wa mke wa Fundi ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili, na habari yote hii inaanzia hapo. Ukimwuliza Fundi mwenyewe historia ya maisha yake, naye atakuanzia kwenye mguu huo huo, na kama una haraka zako, shauri yako.

Alikuwa kijana bado, ana kibanda cha mabati pembeni mwa soko la mji mdogo, kazi yake viatu. Binti mmoja akaja akitembelea fimbo, akaketi kwenye stuli ya wateja, akamwambia, "Nasikia wewe hakuna kiatu kinachokushinda. Haya, nitengenezee kimoja kirefu na kimoja kifupi, tuone." Alisema kwa ukali, maana mafundi wawili walikuwa wamekwisha kumcheka. Fundi hakucheka. Aliushika ule mguu kama anavyoshika ngozi mpya, akaugeuza huku na huku, akapima, akajikuna kichwa, akamwambia arudi wiki ijayo. Aliporudi alivaa, akasimama, akaenda hadi lango la soko bila fimbo, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Mara ya tatu hakurudi, alipitiliza kwao moja kwa moja na fimbo ikabaki kibandani. Kesho yake Fundi akaibeba kuipeleka, ingawa alijua fika kwamba haihitajiki tena. Mengine jazeni wenyewe. Tangu hapo yeye humwita mkewe Mteja, na mke humwita yeye Fundi, na binti yao wa pekee alipokuwa mdogo alidhani hayo ndiyo majina waliyozaliwa nayo.

Jambo moja zaidi kuhusu Mteja, kisha tuendelee. Utoto wake wote alibebwa. Kaka zake walimbeba mgongoni kwa zamu, kwenda shule, kwenda harusini, kwenda msibani, na kila walipofika walimtua mahali wakamwambia, "Kaa hapa, tunakuja." Walikuwa kaka wazuri na walimpenda. Lakini yeye alikulia hapo alipotuliwa, akiangalia wenzake wakienda. Ndiyo sababu alipopata viatu alianza kwenda, na hakuna aliyeweza kumsimamisha.

Kila Jumamosi jioni, wakishamaliza kula, Fundi huchukua viatu vya mkewe, huvifuta vumbi, huviweka mapajani na kuvikagua. Hupitisha kidole gumba ukingoni mwa kisigino, upande wa nje, maana mwendo wa mkewe huanza kula soli hapo. Palipolika hupajaza. Akitia soli mpya, hupiga mstari wa chaki ya bluu chini ya kila kisigino, tabia aliyoipata kwa fundi aliyemfundisha kazi. Mstari huo maana yake kiatu kimekaguliwa na kina ruhusa ya kutoka. Haudumu. Mwenye kiatu akifika tu kwenye kona ya kwanza, ardhi imeshaufuta.

Soli za Mteja nazo zilikuwa hazidumu. Kule mji mdogo alikwenda sokoni, akatoka sokoni akapita kwa jirani aliyejifungua, kwa jirani akasikia kuna mgonjwa upande wa pili, akaenda kumwona mgonjwa, akakumbushwa kuna mchango wa harusi, akaenda huko pia. Fundi akigeuza viatu hivyo alikuwa akilalamika kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

"Mteja, wewe unatembea au unasaga?"

"Nasaga," mkewe humjibu. "Nisiposaga, wewe utafanya kazi gani Jumamosi?"

Sasa, kazi mpya. Nayo ilikuja kwa mguu huo huo. Mteja alikuwa amemsindikiza dada yake mji mkubwa, kwenye hospitali ya huko, kutazamwa macho. Wakiwa kwenye benchi la kungojea, daktari mmoja wa mifupa alipita, akatupa jicho chini, akaenda zake, kisha akarudi kinyumenyume.

"Samahani, mama. Viatu hivyo vimetoka nchi gani?"

"Vimetoka sebuleni kwangu," Mteja akamjibu.

Kumbe hospitali ilikuwa inafungua karakana ya viatu vya wagonjwa ambao miguu yao hailingani. Fundi akaitwa. Akaonyeshwa mashine, akaonyeshwa rafu ya miguu ya mti ya kuundia viatu, mikubwa kwa midogo, yote imepangwa safi, akaishika mmoja mmoja kama mtu anayesalimia wageni. Akapewa kazi, na pamoja na kazi akapewa koti jeupe lenye mfuko kifuani. Mtu aliyekaa kwenye kibanda cha mabati tangu ujana akipewa koti jeupe, usimwulize kitu siku hiyo. Alirudi nyumbani amelivaa ndani ya basi, na jua lilikuwa kali.

Mteja alifurahi kweli, akalikunjua lile koti, akalikunja, akalikunjua tena. Kisha akaketi. Mji ule mdogo alikuwa ameukanyaga wote. Alijua kila ukuta wa kuegemea nyonga ikimwuma, kila baraza la kupumzikia, na kila mwenye baraza.

"Nitahama, Fundi," alisema. "Kazi hii ni haki yako. Ila nitafutie mahali ambapo nikitaka kutoka, natoka kwa miguu yangu. Sitaki kupakiwa garini kila nikitaka kitunguu. Nilibebwa vya kutosha."

"Utatembea mpaka uchoke mwenyewe."

"Na ikishindikana, nitarudi nikakae na dada. Sitagomba, sitanuna. Wewe utakuwa unakuja Jumamosi kunikagulia viatu."

Alisema akicheka. Lakini Fundi aliishi na kicheko hicho miaka mingi, na alijua kipi kinatoka moyoni na kipi kinaishia mdomoni. Usiku ule alilala akihesabu mitaa asiyoijua. Kuishi mbali na huyu mtu, yeye chumba chake mjini, mke kwa shemeji, wiki nzima bila kusikia ule mwendo wake wa mguu mzito na mguu mwepesi ukija ukumbini, hakutaka hata kulifikiria. Akaamua atatafuta nyumba kama anavyotafuta ngozi nzuri, bila haraka na kwa macho yake mwenyewe.

Kosa lake la kwanza ni hilo la macho yake mwenyewe. Binti yao alimpigia simu akamwambia kwa upole, "Baba, si umchukue mama mkaangalie pamoja?"

"Nitamchosha bure. Nataka akifika akute kila kitu tayari."

"Lakini baba, atakayetembea huko ni nani?"

"Na anayetengeneza viatu ni nani?" Fundi akajibu.

Binti akaaga, akakata simu. Hakuwa ameshindwa, ila anamjua baba yake.

Lazima tuseme kitu hapa, na tunakisema kwa kumpenda. Fundi haangalii watu usoni, anawaangalia miguuni. Jirani anaweza kunyoa ndevu alizozifuga tangu ujana, Fundi hana habari, lakini akibadilisha kamba za viatu ataulizwa kulikoni. Humwambia mtu, "Unaumwa mgongo wewe," kwa kutazama tu soli zake, na mara nyingi anapatia. Kupatia huko ndiko kulikomvimbisha kichwa. Alikwenda kuchagua mtaa wa kuishi huku macho yake yakiwa chini muda wote.

Dalali aliyempokea alikuwa kijana mwembamba, mwingi wa maneno, na viatu vyake vilikuwa na ncha kama penseli. Fundi hakumwamini tangu mwanzo. Mtu anayebanwa na kiatu, alijiambia, atasifia chumba chochote ili tu afike na kuketi.

Mtaa wa kwanza ulikuwa nyuma ya hospitali, ng'ambo tu ya geti la karakana. Ulikuwa mtaa wa watu wengi. Kinyozi, duka la dawa, duka la nyuzi na vifungo, seremala aliyejaza mbao nje, mtu anajaza upepo matairi ya baiskeli, vibaraza mlango kwa mlango. Njia ya waenda kwa miguu ilikuwa ya mawe yaliyopandana, mara ngazi mbili za kupanda, mara moja ya kushuka, mara mfuniko wa mtaro unaolia ukiukanyaga. Fundi alitazama chini akashika kiuno. Visigino vimelika upande mmoja. Soli zimefungua midomo. Kuna kandambili iliyofungwa kwa waya, na mtu anatembea nayo wala hana wasiwasi.

"Mtaa huu unakula viatu," alisema.

"Lakini ni karibu, mzee wangu! Ukipiga chafya hapa, kazini wanaitikia."

"Twende kwingine."

Mtaa wa pili ulikuwa mbele kidogo, bado mtu anafika kazini kwa miguu bila kutoka jasho. Huko njia ilikuwa pana, mawe yake yamelazwa sawasawa kama vigae vya ukumbini, hakuna ngazi, hakuna shimo. Miti imekatwa kwa umbo la sanduku. Kuta ni ndefu na nyeupe. Fundi aliinama akapapasa njia kwa kiganja, na mlinzi mmoja akatoka getini kumtazama vizuri. Kisha, ili awe na hakika, akaingia kwenye benki iliyokuwa pembeni, akajifanya ana shida, akaketi kwenye viti vya kungojea. Mbele yake walikaa watu safu nzima wamekunja nne, na mtu akikunja nne soli yake iko wazi kwa kila mwenye macho. Fundi alitazama safu ile mwanzo mpaka mwisho. Zilikuwa nzima kabisa. Alama za kiwanda bado zinasomeka. Hakuna kisigino kilicholika, si kwa nje, si kwa ndani.

Alitoka nusura apige makofi. "Umeona?" alimwuliza dalali.

"Nimeona, mzee," dalali akasema, na hakuwa ameona kitu.

Basi nyumba ikapatikana hapo hapo, ghorofa ya chini, sakafu inang'aa, baraza lina kivuli. Kwa furaha Fundi alimtengenezea mkewe viatu vipya kabisa vya kuhamia, vya ngozi laini ya kahawia, cha kushoto soli yake nene imefichwa kwa ufundi hivi kwamba lazima uambiwe ndipo uione. Akapiga mstari wa chaki chini ya kila kisigino. "Hivi ni vya mji mpya," akamwambia, na Mteja akavipokea kwa mikono miwili.

Wakahama. Asubuhi Fundi anavaa koti lake, anapita kando ya zile kuta nyeupe akipiga mluzi, anafika karakana. Huko alikutana na mtoto ambaye hajawahi kusimama sawa, na mzee aliyekatwa vidole, akawa hana muda hata wa kujipongeza. Jioni anarudi, chakula kipo, nyumba inang'aa, mke yupo. Jumamosi anachukua viatu vya kahawia, anavifuta, anapitisha kidole gumba ukingoni mwa kisigino huku anasimulia habari za wagonjwa wake. Ukingo uko vile vile.

"Mteja, hebu gusa! Kule nyumbani wiki moja tu hapa palikuwa pameshalika. Barabara ndiyo hii!"

"Barabara nzuri, Fundi," mkewe akasema.

Jumamosi iliyofuata, vivyo hivyo. Na iliyofuata. Kazini alijipiga kifua mbele ya wenzake kwamba mkewe amekanyaga mtaa wao wiki baada ya wiki, na kiatu hakina hata mkwaruzo. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kujidanganya kwa furaha kiasi kile.

Dalili zilikuwepo, ila zilikuwa za usoni, na huko Fundi haangalii. Mteja alianza kumwagiza vitu, ukirudi niletee vitunguu, ukirudi niletee uzi mweusi. Alikuwa akisimama mlangoni anapomsikia anakuja, jambo ambalo kule nyumbani halikuwezekana, maana jioni ndiyo ilikuwa saa yake ya kuwa kwa watu. Simu na dada yake zilirefuka. Fundi akiuliza "Leo umeshindaje?" jibu lilikuwa "Nimepumzika," na Fundi, masikini, akafurahi kwamba mkewe sasa anapumzika.

Jumamosi moja aliwahi kurudi, jua bado lipo. Mteja alikuwa anaoga. Fundi akavichukua viatu, akaketi navyo barazani mwangani, na badala ya kupapasa ukingo tu, akavipindua.

Mstari wa chaki ulikuwa pale. Wa bluu, umenyooka, kama alivyoupiga siku ile. Akageuza kiatu cha pili. Upo. Akaupitishia kidole gumba, kikatoka cha bluu.

Fundi anaweza kukuongopea kuhusu soli, na soli yenyewe inaweza kumwongopea Fundi. Lakini hakuna njia, hata iwe laini namna gani, isiyofuta chaki. Viatu vile havikuwa vimekanyaga nje hata mara moja. Alikaa navyo mikononi, kidole kimesimama hewani. Alikumbuka habari zote za wagonjwa wake alizosimulia Jumamosi baada ya Jumamosi, na mtu aliyekuwa akimsikiliza. Akainuka kwenda ndani, na nyuma ya mlango wa chumba akaliona furushi. Lilikuwa limefungwa kwa kanga yake ya safari.

Mteja alitoka bafuni akamkuta amesimama, kiatu mkono mmoja, kidole cha bluu mkono wa pili.

"Unaondoka lini?" Fundi akauliza.

"Nilitaka nikwambie leo, tukishakula."

"Kwa nini hukunambia siku zote hizi?"

Mteja akaketi kitandani. "Nilikuona unavyovaa lile koti. Kila asubuhi unalivaa, unajitazama, unajigeuza. Ningesemaje?" Akavuta pumzi. "Nilitoka, Fundi. Nilitoka mara mbili, na vile viatu vya zamani, vipya nikavitunza nipate kwanza mahali pa kuvivalia. Siku ya kwanza nilifika mwisho wa ukuta, nikakuta ukuta mwingine. Mlinzi akaniuliza, 'Unamtafuta nani, mama?' Nikakosa la kumwambia. Ningemwambia namtafuta yeyote? Siku ya pili nilikwenda mbali, nyonga ikanishika, sikuona hata jiwe la kukalia. Gari likasimama. Dada mmoja mzuri, mpole, akaniambia, 'Panda, mama, nikurudishe.'"

"Ukapanda?"

"Nikapanda. Nilikuwa sina la kufanya. Akanishusha getini, akaniaga vizuri." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Nilikaa hapo barazani, nikajiona vile nilivyokuwa nikikaa zamani, kaka zangu wakishanitua."

Fundi alikiweka kiatu chini. Aliketi sakafuni, miguuni pa mkewe, mahali alipozoea kukaa kwa kazi yake. Mwisho akasema, "Nisamehe, Mteja. Nilichagua kwa ajili ya viatu. Mwenye viatu nikamsahau."

"Nimeshakusamehe. Ila siwezi kukaa."

"Nipe kesho tu. Tutoke wote. Wewe utangulie, mimi nifuate nyuma. Sitasema neno."

"Wewe? Usiseme neno?" Na hapo Mteja akacheka kidogo, na kicheko kile kilitoka ndani. "Haya. Kesho. Lakini furushi silifungui."

Kesho yake alivaa viatu vya kahawia, akashuka barazani, akatangulia. Fundi nyuma, mikono mgongoni, kama mlinzi wa mtu mkubwa. Walipita kuta zote zile, Mteja hakugeuka. Walifika kwenye njia panda ya hospitali, kukawa na kelele ya msumeno upande ule, na watu wanaitana, akakata kona kuelekea huko bila kuuliza. Fundi alifungua mdomo, akakumbuka ahadi, akaufunga.

Ni ule mtaa wa kwanza, ule unaokula viatu. Mteja alipanda ngazi mbili kwa kushika mlingoti wa taa. Alivuka mfuniko wa mtaro, ukalia, akaukanyaga tena kwa makusudi ausikie. Mbele ya kinyozi akakanyaga jiwe lililolegea, jiwe likacheza, akayumba. Fundi aliruka, lakini kabla hajafika mkewe alikuwa ameshadaka nondo ya dirisha la kinyozi, na kinyozi ametokeza kichwa.

"Pole, mama! Jiwe hilo linatusumbua sote. Kaa kwanza." Akasogeza kiti chake cha wateja mpaka nje.

Hakumbeba, hakumshika hata mkono. Alimpa kiti tu, akaendelea kunyoa. Mteja akaketi, akanyoosha mguu, akamwuliza kinyozi jiwe lile limelegea tangu lini, na kwa nini seremala yuko pale na mbao zote zile na hakuna aliyemwomba kabari ya kulikaza. Seremala akasikia, akajitetea. Mwanamke wa duka la nyuzi akatoka kuona ni nani anayemsema seremala hivyo, naye kwa muda mrefu alikuwa na yake ya kumwambia. Baada ya kitambo kidogo Mteja alikuwa ndani ya duka la nyuzi, anachambua vifungo, na Fundi amesahaulika nje karibu na mlingoti.

Alisimama pale akitazama chini, kama kawaida yake. Visigino vimelika. Soli zimefungua midomo. Ile kandambili ya waya ikapita tena, safari hii mwenyewe ana mtungi wa gesi begani. Mwenye kandambili akawa anasalimiwa kila mlango, naye anaitikia kila mlango. Ndipo Fundi alipoukumbuka ule ukumbi wa benki na zile alama za kiwanda zinazosomeka. Viatu vile havikuwa vimepata njia nzuri, vilikuwa vimepata magari. Watu wale hawakuwa wakitembea popote. Alijipiga kofi la paji la uso, kinyozi akamtazama kupitia kioo.

Kisha, pengine kwa mara ya kwanza tangu afike mji ule, Fundi aliinua macho. Kupitia mlango wa duka aliuona uso wa mkewe. Alikuwa anabishana juu ya bei ya kifungo, kidole juu, nyusi zimepanda, na macho yale aliyokuja nayo kibandani siku ya kwanza, ya mtu anayesema haya, tuone. Fundi alimpenda pale pale upya, na akaona haya kidogo kwa umri wake.

Mteja alitoka dukani na kifungo kimoja na habari nyingi. "Fundi! Huyu dada ana nyumba ya uani, vyumba viwili. Mpangaji amehama juzi. Dirisha linatazama huku njiani."

Fundi alitazama lile dirisha. Mbao za seremala zilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na msumeno ukaanza tena. Alifikiria sakafu yake inayong'aa. Alifikiria baraza lenye kivuli.

"Kuna kelele," alisema, na hilo ndilo neno pekee alilosema asubuhi nzima.

"Ndiyo," Mteja akasema. "Umesikia zilivyo?"

Furushi lilifunguliwa kwenye vyumba hivyo viwili vya uani. Koti jeupe likapata msumari wake nyuma ya mlango. Sasa Fundi akienda kazini anavuka njia tu, na mara nyingi anachelewa, kwa sababu kila mlango anaopita una mtu anayemwambia, "Mwambie mama nimempata yule aliyemwulizia," na yeye hajui ni nani anayeulizwa wala kwa nini, ila anafikisha salamu. Seremala alikata kabari. Jiwe bado linacheza, lakini linacheza kidogo.

Jumamosi moja baada ya kula akavichukua viatu vya kahawia, akavifuta. Havikufutika kirahisi, kulikuwa na matope kwenye mshono na unga wa mbao umeganda juu ya matope. Akavipindua. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeliwa mpaka misumari imechungulia. Cha kulia kimelala upande kama mlevi. Mbele, uzi umekatika, na soli ya ngozi laini, aliyoichagua kwa siku nzima, imefungua mdomo.

Mteja alimwona ameviinamia, akaacha kukunja nguo.

"Vimeharibika sana?" akauliza.

"Mteja," Fundi akasema, "wewe unatembea au unasaga?"

"Nasaga," mkewe akasema.

Fundi aliinamisha kichwa juu ya kile kiatu, akawa anacheka huku anajifuta macho kwa mkono ule ule wenye gundi, mpaka Mteja akamjia na kitambaa akamwambia kope zitagandana. Kisha akashona. Akang'oa kisigino, akaweka kipya, akapiga misumari, akasugua kingo, akapiga mstari wa bluu chini ya kila kimoja, akaviweka karibu na mlango.

Asubuhi aliamka kwa harufu ya chai, kikombe chake kimefunikwa, mkewe hayupo. Huko nje alimsikia akimwita mtu kwa jina, mguu mzito na mguu mwepesi ikienda. Fundi akatoka na kikombe chake mkononi. Kwenye kizingiti kulikuwa na alama ya chaki ya bluu. Kwenye ngazi ya kwanza kulikuwa na nyingine, hafifu, na kwenye jiwe la njiani palikuwa na vumbi la bluu kidogo tu, kisha basi. Mwanamke wa duka la nyuzi alipofika na ufagio, Fundi akamwomba akifagia akiache kizingiti.